Mnyamwezi wa Nguzo ya Tatu

Jumamosi, 11 Julai 1953

Baridi! Watu wa Temeke wamejifunika mablanketi kama wagonjwa. Mie niliyezaliwa Bukoba, kwenye ukungu wa kweli, nawacheka. Hiki kipupwe chao sisi kwetu tungekiita mchana mzuri. Nimewacheka mpaka nikapiga chafya mara tatu.

Naanza daftari hili leo kwa sababu mambo makubwa yanakuja, na yanahitaji kuandikwa na mtu makini. Mtu makini ni mie. Gozbert, fundi cherehani, umri miaka thelathini na moja. Nilishuka Dar es Salaam na mkasi mmoja na futi moja ya kupimia, ile ya utepe, inchi sitini. Leo nina cherehani yangu, kibaraza changu, na wateja wanaorudi. Hakuna aliyenisaidia. Naomba hilo likumbukwe.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili iliyopita nilialikwa chakula Chang'ombe kwa Mzee Theonest, dresa wa hospitali, Mhaya mwenzangu, ambaye ndiye aliyemlea mpwa wake Apolonia. Nimemposa Apolonia tangu Pasaka. Mzee bado hajajibu. Basi katikati ya chakula akaanza kulalamika kwamba samaki wa pwani ni vidole tu, si kama wa ziwa letu. Sijui nilipatwa na nini. Nikasema mie kila Jumamosi navua daraja la Mtoni samaki wa inchi ishirini na nne. Kwa mkono wangu. Mzee akauliza, ishirini na nne? Nikajibu kwamba wakati mwingine ishirini na sita, ila sipendi kujisifu.

Akatafuna. Kisha akasema vema, Jumapili ya tarehe 26 nimletee mmoja wa hao wadogo, wa ishirini na nne, naye atanipa jibu la Apolonia hapo hapo mezani. Akaongeza kwamba nisijisumbue kwenda kununua, maana nusu ya wauza samaki wa mji huu amewatumbua majipu, na hawamfichi kitu.

Sijawahi kushika mshipi maishani mwangu.

Leo nimeanza. Mshipi pima ishirini, ndoana nne, kipande cha risasi cha kuzamishia. Nimevaa tai, maana mtu akikuona na tai anajua hukuja kucheza. Nimekaa nguzo ya sita, mwisho kabisa wa daraja, kwa muda wa saa tatu. Nimepata mmoja. Bunju. Alipotoka majini alikuwa inchi saba. Akanikasirikia, akajaa upepo kama mpira, nikampima tena. Kumi na moja! Bi Mauwa, yule mama anayeuza vitumbua na chambo kwenye kichwa cha daraja, akapiga kelele nimrudishe majini haraka, huyo ana sumu, nisije nikawaua watu.

Nimeandika kumi na moja. Zimebaki inchi kumi na tatu tu.

Jumapili, 12 Julai

Baada ya misa nimekwenda Mtoni na penseli. Mwerevu huhesabu kwanza. Daraja lina nguzo sita. Kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni, nguzo ya tatu imetoa samaki tisa. Nguzo nyingine zote kwa pamoja zimetoa wanne, na katika hao wanne mmoja alikuwa kiatu.

Bi Mauwa ameeleza. Wakati wa kipupwe bahari ya nje huchafuka, samaki wakubwa wanaingia mtoni kujikinga, na chini ya nguzo ya tatu kuna shimo. Mkondo unapita hapo, na hapo ndipo anapokaa Kondo.

Kondo ni Mzaramo wa Mtoni hapo hapo, mwezekaji wa makuti, mtu wa makamo, mwenye tumbo dogo na kicheko kikubwa. Anakaa juu ya debe la mafuta ya taa lililopinduliwa. Nikamwendea kwa heshima zote nikamwomba tubadilishane nafasi kwa wiki mbili. Akasema hakuna shida, akishakufa nije na barua.

Jumanne, 14 Julai

Nimegundua kwamba debe ndilo lenye haki. Kondo asipokuwepo debe linabaki, na hakuna mtu anayeligusa. Hata mbuzi wanalizunguka. Basi dawa ni kuwa na debe.

Nikatafuta debe, nikaandika GOZBERT kwa rangi nyekundu, nikalibeba kichwani kutoka Temeke hadi Mtoni kabla ya jua kutoka. Nikakuta Kondo jana alirudi na lake nyumbani kuliziba tundu. Bahati gani hii! Nikaweka langu nguzo ya tatu, kisha nikaenda kununua vitumbua viwili kusherehekea.

Niliporudi Kondo alikuwa amelikalia. Akanishukuru sana. Akasema la kwake lilikuwa linamkata makalio, nami nimefanya jambo la kiungwana kumletea kiti kipya, hata nimeandika jina la aliyetoa.

Nimevua nguzo ya sita. Nimesimama.

Jumatano, 15 Julai

Leo nimeona maajabu. Kama nisingeona kwa macho yangu nisingeandika.

Saa kumi na moja jioni limekuja jitu la Kinyamwezi, mpagazi wa bandarini, jina lake Mihambo. Halikusalimu. Lilimwambia Kondo kwamba Wazaramo wanavua kwa sababu kulima kunahitaji kusimama. Likamsukuma, Kondo akaanguka chini pwaa! Likakalia debe langu, likachukua mshipi wa Kondo, likavua. Kisha likafunua kikapu cha Kondo, likachagua samaki changu mnene kuliko wote, likaondoka naye likipiga mluzi.

Nikangoja damu. Kondo alikuwa amelala chini, anacheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akamfuatisha Mihambo kwa maneno, kwamba nyie ndio mliotembea kwa miguu toka Tabora na meno ya ndovu ya watu begani, mkafika pwani mkashangaa nani ametia chumvi kwenye ziwa. Mihambo naye akacheka. Daraja zima likacheka.

Nikamuuliza Bi Mauwa, huyu bwana haibiwi? Akanitazama kama mtoto. Akasema wale ni watani. Mzaramo na Mnyamwezi, tangu zama za misafara. Mtani anachukua, mtani anatukana, na anayekasirika ndiye mwenye aibu.

Usingizi hauji, nafikiri tu. Hakuna sheria nzuri kama hiyo katika nchi hii, na kwa miaka yangu minane ya Dar es Salaam hakuna aliyeniambia!

Alhamisi, 16 Julai

Leo nimekuwa Mnyamwezi.

Si mie mzima. Bibi yangu mzaa mama. Alitoka Tabora, akapotea njia, akafika Bukoba, akaolewa. Kisa hiki nimekitunga nikiwa natia vifungo kwenye shati, na kadiri nilivyotia vifungo ndivyo nilivyokiamini. Kufika kifungo cha saba nilikuwa namkumbuka sura.

Nikafika darajani na tai yangu, nikamwambia Kondo kwa sauti kubwa kwamba Wazaramo wanavua kwa sababu kulima kunahitaji kusimama. Maneno ni yale yale ya Mihambo, lakini maneno mazuri hayachakai. Kondo akashangaa. Nikamweleza habari za bibi. Akamtazama Mihambo, aliyekuwa amekuja tena, Mihambo akanitazama mie kuanzia tai mpaka viatu. Kisha Mihambo akanisalimia kwa Kinyamwezi, Mwangaluka! Nikakohoa. Akasalimia tena. Nikakohoa zaidi. Nikasema kipupwe hiki kimenishika kifua.

Kondo akafunika mdomo kwa mkono. Nadhani alikuwa na huzuni kwa kupata mtani wa pili. Akainuka kwenye debe mwenyewe, akasema karibu mtani.

Nguzo ya tatu! Changu wawili, inchi tisa na inchi kumi. Nikachukua na mmoja wa kwake, inchi kumi na mbili. Alicheka tu. Nani anasema kujitegemea hakulipi?

Jumamosi, 18 Julai

Sheria ile ina upande wa nyuma ambao Bi Mauwa hakuutaja.

Saa mbili asubuhi Kondo ametokea kibarazani kwangu Temeke. Hakubisha hodi. Alikunywa chai yangu. Alivaa kofia yangu. Aliwaambia wateja watatu kwamba mie babu zangu waliuzwa Bagamoyo kwa kibaba cha chumvi, na kwamba mwenye chumvi mpaka leo anadai arudishiwe. Wateja walifurahi sana. Mmoja aliyekuja kuchukua suruali alikaa mpaka adhuhuri, akaleta na mdogo wake asikilize.

Nikafungua mdomo nimfukuze. Akaniangalia kwa upole akaniuliza, mtani wangu, umekasirika? Nikasema hapana. Ilibidi nicheke. Nimecheka saa nne mfululizo, taya zinauma.

Alipoondoka alichukua kofia. Nikavumilia. Akachukua na futi yangu ya kupimia, inchi sitini, niliyotoka nayo Bukoba! Amesema ataitumia kufungia makuti.

Nimetengeneza ya kamba. Nimepiga fundo kila inchi, kwa jicho. Jicho la fundi wa miaka kumi na nne halihitaji msaada.

Jumapili, 19 Julai

Kondo amenilazimisha kwenda kwake kula. Amesema mtani hakatai wali. Mkewe, Tunu, anapika samaki wa kupaka, nazi nzito, ndimu, bizari. Nimekula kama watu watatu, maana kofia yangu ilikuwa msumarini mbele yangu na nilitaka kulipiza.

Hapo nimekutana na bibi yake Kondo, Bi Mwanabaraka. Umri haujulikani. Anasema aliwaona Wajerumani wakija na akawaona wakiondoka, na mara zote mbili alikuwa anatwanga. Macho hayaoni vizuri. Anashika bakora, ananusa ugoro, na kazi yake ni kugombeza. Anaanza na kuku anamaliza na mtu wa mwisho kuingia. Leo ilikuwa mie. Akauliza nani amekaa hapo anatafuna kama nyundo. Wakamwambia ni Mnyamwezi mpya. Akasema haya, na akalalamika kwamba kipupwe kinamwingia mifupani.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Nikamwambia Kondo kwamba mie nitamshonea bibi koti la baridi, zito, la bitana, bure. Nikamweleza habari za Chang'ombe na samaki wa Mzee Theonest, nikasema nataka kitu kimoja tu, Jumamosi ijayo nguzo ya tatu iwe yangu peke yangu, alasiri nzima. Kondo akaacha kucheka kidogo. Akasema haya, amenipa neno lake.

Nikampima bibi kwa kamba ya mafundo. Nilipofika kiunoni alinipiga bakora, akauliza kama nampimia koti au kaburi.

Jumatatu, 20 Julai

Maji mafu. Yanakuja hayaji, yanaondoka hayaondoki. Kwa saa sita nzima, samaki mmoja tu, hongwe mwenye mwiba, amenichoma kidole cha kushonea. Bi Mauwa amesema nisijichoshe. Bamvua, yale maji makubwa, linarudi mwisho wa wiki, Jumamosi maji yatajaa saa kumi alasiri, na wakubwa wataingia.

Saa kumi alasiri. Jumamosi. Nguzo ya tatu. Nimeandika kwa wino.

Jumatano, 22 Julai

Apolonia amepita kibarazani kuleta koti la mjomba wake, bitana imechanika. Moyo wangu nao. Akakaa kidogo kwenye benchi. Akaniambia mjomba amewaeleza wanakwaya wote habari za samaki, na amenunua sinia jipya, la maua mekundu, refu kuliko yote dukani. Jana alilaza mkono wake mzima juu yake, kuanzia kiwiko, kuona kama samaki atatosha.

Akaniuliza mie hutumia chambo gani. Nikasema ngisi. Akauliza ngisi anafungwaje kwenye ndoana. Nikasema inategemea. Akatazama kidole changu kilichovimba, akatabasamu, akasema taratibu kwamba yeye keshajibu moyoni siku nyingi, ila mjomba akisema hapana mbele ya lile sinia, basi ni hapana, atarudishwa Bukoba mwezi wa nane. Nisimwaibishe.

Nimepika gundi badala ya chai. Nimeinywa.

Jioni nimepeleka koti la bibi. Limekuwa pana, mikono inapita vidole kwa inchi mbili. Nimesema bibi amesinyaa tangu Jumapili. Hata hivyo alilivaa hapo hapo, akajipapasa, akanyamaza. Tunu anasema ni mara ya kwanza kunyamaza tangu yeye aolewe pale. Kisha akasema mfuko wa ugoro uko wapi. Nikautia papo hapo kwa sindano ya mkono.

Alhamisi, 23 Julai

Bi Mwanabaraka amefariki alfajiri. Amelala tu, hakuamka. Amelala na koti. Fundi gani mwingine wa Temeke anaweza kusema hivyo? Lakini sikujisikia kulisema.

Nilikuwa nimeshaandika barua ya pole, nzuri, mistari kumi, Mihambo akatokea mlangoni. Akasema twende. Nikamwonyesha barua. Akasema watani hawaandiki barua, watani wanafanya kazi. Msibani mwenye msiba hanyanyui kitu. Kuni, maji, kaburi, masufuria, yote ni yetu, mpaka matanga yaondolewe. Nikauliza mpaka lini. Akasema Jumapili asubuhi.

Nikakohoa. Akasema kikohozi hicho kitapona kwa jembe.

Madebe ya maji niliyobeba leo, kumi na saba. Moja lilikuwa na jina langu.

Ijumaa, 24 Julai

Kuni, mizigo tisa. Sufuria, sita. Moja natoshea ndani. Mabega hayapo tena. Kondo amekaa kwenye mkeka, hali, hacheki. Sikujua kwamba mtu yule ana uso mwingine.

Nimemnong'oneza Mihambo kwamba kesho saa kumi nina shughuli ya maisha yangu. Amesema kesho saa kumi nina shughuli nyingine.

Jumamosi, 25 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nane. Watu wamejaa ua mzima, nimehesabu mia moja na arobaini. Mihambo akasimama akasema marehemu hawezi kuondoka bila kuaga, na watani wake wapo. Akaniletea koti. Lile lile. Akaniletea kanga ya bibi, bakora na kopo la ugoro. Nikasema mie ni fundi mwenye jina. Akasema kwa hiyo koti litakukaa. Likanikaa! Lilivyokuwa pana, kama nilijipimia mwenyewe.

Saa nane na robo. Nikatokea uani nimejitanda kanga mpaka puani, nimeinama juu ya bakora. Akapita kuku. Sijui. Bakora iliinuka yenyewe. Nikamgombeza yule kuku kwa sauti ya bibi, kwamba yeye na baba yake hawajui kubisha hodi. Ua ukalipuka! Nikawagombeza wapishi. Nikawauliza waliokuja jana wamekuja kulia au kuhesabu nyama. Nikamwendea Kondo, nikampiga bakora ya begani, nikamwambia ainuke aende kuvua, samaki hawana matanga. Kondo akanitazama. Akaanza kutikisika. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka, na analia pia, vyote kwa pamoja, Tunu akamshika.

Sijawahi kufanikiwa hivyo katika jambo lolote. Naandika ukweli.

Saa tisa na nusu. Umati ukanisukuma mpaka barabarani nikawagombeze na wapita njia. Nikagombeza wawili. Wa tatu alikuja juu ya baiskeli, mzee, koti jeupe, mkoba wa dawa. Mzee Theonest! Anatoka kufunga kidonda cha mtu Mbagala. Nikataka kukimbia. Ajuza hakimbii. Akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akainamisha kichwa kwa adabu.

Akasema, Shikamoo bibi.

Mkwe wangu! Mbele ya watu mia moja na arobaini! Ningefanyaje? Nikasema, Marahaba, mwanangu.

Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyo lazima. Akapanda baiskeli, akaenda zake.

Saa kumi ikapita nikiwa nasugua sufuria. Niliona maji kwa mbali yakijaa bila mie.

Saa kumi na moja na robo, Kondo akaja mwenyewe jikoni. Akanitoa sufuria mkononi. Akasema neno lake ni neno lake, niende, yeye atanifuata. Nikakimbia na koti la bibi. Maji yalikuwa yameanza kutoka. Nguzo ya tatu, debe langu, kamba mzima wa chambo kwenye ndoana. Dakika kumi hakuna. Dakika ishirini hakuna. Kisha mshipi ukaenda, ukaenda, ukanikata kidole kile kile! Nikavuta. Nikaomba kwa watakatifu wote ninaowafahamu na wawili niliowatunga. Akatoka. Chewa! Mdomo kama mfuko wa koti! Nikampima kwa kamba ya mafundo, mara tatu. Ishirini na tano!

Nikapiga kelele mpaka Bi Mauwa akaangusha kitumbua. Kondo alikuwa amesimama nyuma yangu. Akamtazama chewa. Akainama, akampitisha ukindu kwenye shavu, akamning'iniza begani. Akasema, ahsante mtani wangu. Akaondoka naye.

Akaondoka naye!

Nikafungua mdomo. Daraja zima likageuka kunitazama. Bi Mauwa akaniuliza kwa sauti ya asali, baba, umekasirika?

Nikasema hapana.

Jumapili, 26 Julai

Chang'ombe, saa saba mchana. Sinia la maua mekundu katikati ya meza, tupu, refu kama barabara ya Kilwa. Mzee Theonest kichwani pa meza na kitambaa shingoni. Apolonia mlangoni, gauni la kijani, haniangalii. Mie na mikono yangu.

Mzee akauliza samaki yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Mzee akasema samaki akishavuliwa hatembei. Nikaanza kueleza habari za bamvua. Nikaeleza vizuri sana. Nilikuwa nimefika kwenye mwezi na jua, hodi ikapigwa.

Kondo! Kofia yangu kichwani. Nyuma yake Tunu na sufuria mbili mkononi, na harufu ya nazi na ndimu ambayo ingeamsha maiti. Kondo akasema shikamoo kwa Mzee, akasema amemletea mtani wake, huyu Mnyamwezi hapa, samaki wake aliyemvua jana, maana fundi gani anayejua kupika, angemshonea tu. Tunu akamlaza chewa juu ya sinia. Mzima, kichwa na mkia.

Mzee akaweka kijiko chini. Akauliza, Mnyamwezi yupi?

Nikakohoa.

Kondo akasema kwa upole kwamba Mzee asihangaike, walijua tangu siku ya kwanza. Mnyamwezi gani anavaa tai kuvua samaki? Mihambo siku ile alikwenda kucheka nyuma ya mnazi mpaka akatapika. Lakini wakasema mwache, mtu anayetaka sana kuwa mtani apewe utani wote, tuone. Na alibeba maji. Alibeba kuni. Na bibi yangu, akasema Kondo, bibi yangu alikwenda na joto. Basi huyu ni mtani, hata kama bibi yake hajawahi kuiona Tabora. Jana, akamalizia Kondo, nilimchukua samaki kwa sababu fundi huyu angemkaanga kwa mafuta ya taa.

Mzee akanigeukia. Akaniuliza jana alasiri nilikuwa wapi. Nikasema Mtoni. Akasema ajabu, yeye naye alipita Mtoni, akamwamkia ajuza mmoja, ajuza akamjibu marahaba kwa lafudhi ya Bukoba kabisa. Njia nzima alikuwa anajiuliza ajuza huyo ni wa ukoo gani. Sasa anaomba arudishiwe shikamoo yake.

Nikasimama nikamwamkia. Akasema hiyo moja ni kwa ile marahaba, bado nyingine kwa ile "mwanangu". Nikamwamkia tena. Nimemwamkia mara saba. Apolonia alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanaruka.

Kisha ikaja hesabu. Mzee akasema tulikubaliana ishirini na nne. Nikatoa kamba yangu ya mafundo, kifua mbele. Kondo akasema ngoja, akatoa mfukoni futi yangu, ile ya kweli, akanirudishia hapo hapo mezani. Heri asingeirudisha. Mzee akapima mwenyewe, kwa miwani.

Ishirini na tatu.

Inchi moja! Mafundo yangu yaliongeza inchi mbili! Mzee akakunja futi taratibu. Akafungua mdomo aseme lile neno. Hapo Apolonia akasogea mezani, sauti ndogo lakini haikutetemeka, akamuuliza mjomba kama amesahau kwamba samaki akipikwa hupungua, kama vile kitambaa kikifuliwa. Akanigeukia, akaniuliza fundi, kitambaa hupungua kiasi gani? Nikasema inchi moja kwa kila ishirini na nne. Kamili! Tunu akasema chewa hupungua hata zaidi. Kondo akala kiapo.

Mzee Theonest akatutazama wote wanne, mmoja mmoja. Akatazama chewa. Akang'oa shavu lake, lile la nyama tamu, akatia mdomoni. Akafumba macho.

Akasema nusu ya ndiyo. Apolonia haendi Bukoba. Mie nitakuja kula kila Jumapili. Nusu ya pili ataitoa Krismasi, nikileta mwingine wa inchi thelathini, apimwe mbichi, kwa futi, na nisiwe nimevaa nguo ya mwanamke yeyote. Kisha akamkaribisha Kondo aketi, wakala kichwa pamoja wakiwasema Wahaya.

Apolonia alinisindikiza mpaka kwenye michongoma. Alinirudishia kofia yangu aliyomnyang'anya Kondo. Akanitaka niahidi kwamba sitadanganya tena mtu kuhusu bibi yangu.

Nimeahidi. Kwa moyo wote. Bibi mzaa mama hataguswa tena.

Jioni. Nimefikiri kwa utulivu. Nguzo ya tatu haitoi thelathini, nimepiga hesabu. Bi Mauwa anasema thelathini wanapatikana gati la Kurasini tu, kwenye kina, lakini pale pana mlinzi, Mhehe mkali, hamruhusu mtu kukaribia na mshipi. Nimeulizia kidogo. Nasikia watani wa Wahehe ni Wangoni.

Sasa babu yangu mzaa baba. Kila nikimkumbuka uso, naona kabisa alikuwa mtu wa Songea.